Madoa ya Kapteni

Mteja aliyekuwa chini ya draya ndiye aliyeanza. Masikio yake yalikuwa yamezibwa na ule mvumo wa joto, kwa hiyo alisema kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara:

"Jamani, huyu samaki wenu mmemnyunyizia chumvi?"

Saluni nzima iligeuka. Na saluni ya Bi Mkasi ikigeuka, ujue ni macho mengi yamegeuka, maana pale hapakuwa na siku tupu. Waliotaka kusuka walikuja, waliowasindikiza wanaosuka walikuja, na wapo waliokuja tu kwa sababu umbea wa pale ulikuwa wa moto kuliko maji ya kuoshea nywele.

Bi Mkasi aliacha chanuo kichwani mwa mtu, akalisogelea tangi. Lilikuwa tangi kubwa la kioo, limesimama katikati ya chumba kama ukuta, huku viti vya kusubiri, kule viti vya kazi. Mumewe ndiye aliyelijenga alipoacha kazi ya melini, na mtaa uliendelea kumwita Baharia ingawa meli yake sasa ilikuwa hiyo hiyo ya kioo. Ndani mlikuwa na mawe ya baharini, uduvi wenye mistari, konokono, samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa, mmoja wao mkia umekatika, na Kapteni.

Kapteni alikuwa bapa kama sahani, buluu iliyokolea, mkia wa njano, na pale mkia unapoanzia ana mwiba mkali kama wembe. Baharia alimlea tangu akiwa hajazidi kifungo cha shati, na hadi leo alikula mwani kutoka mkononi mwake. Sasa mwili wake wote, kuanzia mapezi hadi kandokando ya macho, ulikuwa na vitone vyeupe, kweli kama mtu kamrushia chumvi ya mezani. Alikuwa anajisugua kwenye jiwe, anageuza ubavu, anajisugua tena, mithili ya mwenye upele aliyesahau kwamba watu wanamtazama.

"Hiyo ni baridi," alisema Kasuku, msusi wa pale, ambaye jina hilo hakulipata kwa sababu ya mavazi ya kijani. "Mtieni maji ya vuguvugu."

"Kitunguu saumu," alisema mwingine. "Kinatoa kila kitu."

"Maji ya moto na chumvi, madoa yote kwisha."

"Chumvi?" alidakia Wifi, dada mkubwa wa Baharia, aliyekuwa na kiti chake pale dirishani na kazi yake kubwa ilikuwa kukikalia. "Samaki anaishi ndani ya chumvi, wewe unampelekea chumvi! Kesho utamshauri aoge."

Wakacheka. Bi Mkasi hakucheka. Alikuwa anamtazama samaki mwingine, mdogo wa njano, aliyekuwa amejibanza pembeni anahema kwa kasi. Huyo ndiye aliyeuleta ugonjwa. Na aliyemleta huyo ni yeye, Bi Mkasi, kwa mikono yake miwili.

Baharia alikuwa na sheria moja nyumbani, moja tu: samaki mgeni haingii tangini. Anakaa kwanza peke yake, wiki kadhaa, anatazamwa. "Hata melini mgonjwa hatukumpandisha," alizoea kusema, enzi hizo akiwa bado na sauti. Sasa alikuwa kitandani katika hospitali ya mji mwingine, koo linachomwa kwa mionzi, sauti imekwenda, binti yao amekaa naye. Kila jioni walipiga simu ya video. Baharia hakuweza kusema, lakini alitazama tangi. Binti ndiye aliyemnong'oneza mama yake siri: "Mama, akimwona Kapteni anakula, na yeye anameza. Vijiko viwili, vitatu vya supu. Asipomwona, anageukia ukutani."

Tangu siku hiyo Bi Mkasi alifunga mkataba kimoyomoyo, na nani hajui mwenyewe, bila shahidi: Kapteni akiishi, na mume wangu ataishi. Akamnunua yule wa njano ili kumchangamsha mgonjwa, aone rangi mpya. Akamtumbukiza siku hiyo hiyo, maana simu ya jioni ilikuwa inakaribia.

Jioni ile alishika simu kwa mbali, akaielekeza kwenye mawe. "Kapteni kajificha, mume wangu. Leo ana maringo." Baharia alitazama mawe. Hakumeza kitu.

Asubuhi yake Bi Mkasi alikwenda kwa muuza samaki wa mapambo, mtu mnene wa kimya ambaye watu walimwita Mapovu. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi za jengo la maduka, giza tupu, na matangi yanayong'aa kila upande. Alitazama picha kwenye simu, akashusha pumzi.

"Umemtia mgeni bila kumtenga." Hakuwa anauliza.

"Nilitaka kumfurahisha mgonjwa, kaka yangu."

"Haya. Hivyo vitone ni vijidudu wamejichimbia kwenye ngozi, wanakula. Wakishiba wanadondoka wenyewe, wanajifungia kwenye ganda kule mchangani, wanazaliana. Wakitoka hapo ni jeshi, wanaogelea kumtafuta samaki. Dawa inawaua wakiwa wanaogelea tu. Kwenye ngozi haiwafikii, kwenye ganda haiwafikii. Unanipata?"

"Nakupata."

"Toa samaki wote, waweke kwenye chombo kitupu. Mchanga hakuna, jiwe hakuna. Humo ndimo utatia dawa ya shaba. Tangi kubwa usilitie hata tone, uduvi na konokono watakwisha. Liache bila samaki wiki nyingi, mpaka wale wadudu wafe njaa. Na hii shaba uipime kila siku kwa hiki kipimo. Ikipungua haifanyi kazi. Ikizidi, inamuua samaki yule yule unayemtibu." Akamshikia chupa hewani bila kuiachia. "Halafu dada, madoa yatatoweka mapema. Yakitoweka usishangilie. Hao hawajafa, wameshuka kuzaa."

Bi Mkasi aliitikia yote kwa kichwa. Lile la mwisho aliliitikia pia, lakini halikupita sikioni. Alikuwa ameishia kwenye "madoa yatatoweka."

Hospitali ya Kapteni ilifunguliwa kwenye chumba cha mataulo. Walimwaga nywele za kusukia kutoka kwenye sanduku kubwa la plastiki, wakalisuuza, wakalijaza maji ya chumvi, wakatia pampu ya hewa na kipande cha bomba cha kujifichia. Kumvua Kapteni ilikuwa sinema. Kasuku na neti, Wifi na bakuli, Bi Mkasi ndani ya maji hadi mabegani, wateja wenye nywele nusu wakitoa maelekezo kama makocha. Mwishowe Kapteni alipiga mkia mmoja, kidole cha Wifi kikachanika.

"Unanikata mimi?" Wifi alifoka, damu inamtiririka. "Mimi niliyembeba baba yako mgongoni?"

Yule wa njano alikufa kabla hawajamgusa. Wawili wadogo wa chungwa waliingia sandukuni pamoja na Kapteni, na dawa ikatiwa kwa vipimo, Bi Mkasi akihesabu matone huku midomo ikimcheza.

Sasa tatizo likawa simu. Tangi kubwa halina samaki, atamwonyesha nini? Alitafuta kwenye simu yake, akapata video ya Kapteni akila mwani kwa fujo zake zote. Akaituma. "Mtandao leo mbovu, mume wangu, picha zinakatikakatika. Mwone huyu, kala mpaka kabeua." Binti akaandika baadaye: *Amemeza, mama. Vijiko vitatu.* Kesho yake akatuma nyingine. Kila alipobonyeza kutuma, alijisemea kwamba uongo huu ni dawa kama ile nyingine, kipimo tu ndicho cha kuangalia.

Na kweli, madoa yakaondoka. Siku moja asubuhi Kasuku aliingia chumba cha mataulo kuchukua taulo, akatoka na vigelegele. Kapteni alikuwa safi, buluu ile ile ya zamani, anang'aa. Saluni ililipuka. Mtu aliyekuwa anaoshwa nywele aliinuka na povu lake kuja kuona. Wifi alicheza mduara peke yake, kidole kikiwa bado na bandeji.

"Mapovu alisema tusubiri wiki nyingi," Bi Mkasi alikumbuka, kwa sauti ndogo.

"Mapovu anauza dawa," alisema Wifi. "Ulitaka akwambie kapona, asiuze?"

Hilo likaonekana lina akili. Na jioni kulikuwa na simu. Bi Mkasi aliwaza uso wa mumewe atakapomwona Kapteni mzimamzima, si wa video, nyumbani kwake kati ya mawe yake. Mchana ule ule wakamrudisha tangini, yeye na wale wawili.

Jioni Baharia alimwona. Aligonga simu kwa kucha, ko-ko-ko, ndiyo ilikuwa lugha yake, na tabasamu likatokea upande mmoja wa mdomo. Bi Mkasi alilia kwa furaha mbele ya watu, hakujali wanja.

Furaha ile haikufika mbali. Wale wadudu walikuwa wamekaa mchangani wanasubiri, na samaki wakapelekwa mezani kwao. Safari hii hayakuwa madoa. Kapteni alifunikwa kama aliyepakwa unga, macho yakaingia ukungu, mashavu yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia ngazi. Mwani aliwekewa mdomoni, akaugeuzia mgongo. Wakamkamata kirahisi sana, bila neti, bila bakuli, na huko kukamatika kirahisi ndiko kulikomtisha Bi Mkasi. Wakamrudisha sandukuni pamoja na wenzake. Dawa ikatiwa upya.

Saluni ikapoa. Watu walikuja, walisuka, waliongea kwa sauti za msibani. Bi Mkasi alikata nywele za mtu upande mmoja zikawa fupi kuliko upande wa pili, na mteja mwenyewe akasema, "Acha tu, dada, nitajifunga kitambaa." Jioni akatuma video nyingine ya zamani. *Amemeza vijiko viwili,* aliandika binti. *Leo amechoka sana. Daktari anasema wiki hii ndiyo nzito.*

Vijiko viwili. Bi Mkasi aliingia chumba cha mataulo, akafunga mlango. Shaba alikuwa ameipima mchana, ilikuwa sawa. Lakini Kapteni alikuwa vilevile, na mumewe kashuka kijiko kimoja. Akaishika chupa. *Kidogo tu,* alijiambia. *Cha kumsukuma.* Akatia.

Kesho yake, karibu na saa za simu, Kasuku alimwita, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe alimwita kwa sauti ya chini.

Kapteni alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya sanduku. Pezi moja lilikuwa linapepea, linasimama, linapepea. Wale wadogo wawili walikuwa juu kabisa ya maji, midomo nje, wanatafuta hewa.

Bi Mkasi alichota maji kwenye kichupa cha kipimo, Kasuku akamshikia. Akadondosha matone ya kupimia. Maji yalitakiwa yawe na buluu ya mbali, buluu ya nguo iliyofuliwa sana. Yakawa buluu ya wino. Kwenye kadi ya kulinganishia hapakuwa hata na rangi hiyo.

"Haiwezekani," alisema. "Nilizidisha kidogo. Kidogo tu, haiwezi kufika hapa."

Pampu inaguruma.

"Ulizidisha?" aliuliza Wifi kutoka mlangoni.

"Jana jioni. Kizibo kimoja."

Wifi akakaa juu ya rundo la mataulo kama mtu aliyesukumwa. "Mimi nilitia asubuhi," alisema. "Nilipofungua mlango. Nilisema moyoni, nikimponya huyu, Mungu atanirudishia kaka yangu."

Wakageuka wote wawili kumtazama Kasuku. Kasuku, ambaye mdomo wake haukuwahi kukosa neno, alikuwa ameuziba kwa viganja. "Mchana," alisema ndani ya vidole. "Mlikuwa mnakula. Nilimwona anahema, nikasema hawa wawili wamekwishachoka, ngoja niwasaidie."

Watu watatu, kila mmoja na mkataba wake wa siri, kila mmoja na kizibo chake. Ingekuwa siku nyingine wangecheka mpaka wakae chini.

"Yote haya ni yule wa njano," Wifi alipasuka. "Nani alimleta? Siku zote nauliza, nani alimtia mgeni tangini, kaka yangu akiwa kitandani?"

"Mimi, wifi."

"Nilijua! Umemuua! Umemuua samaki wa watu, na ukimuua huyu..." Hakumaliza. Alijua sentensi ile inaelekea wapi, na wote walijua, na hakuna aliyetaka ifike.

Simu ikaita.

Ilikuwa saa yao. Jina la binti kwenye kioo. Bi Mkasi aliitazama ikiita mkononi. Video ya zamani ilikuwa tayari, angeweza kukata na kutuma, *mtandao mbovu, mume wangu*. Alitazama lile pezi. Likapepea, likasimama. Na hapo ndipo lilipompiga kichwani, jambo la kijinga kuliko yote: katika dunia nzima aliyoizunguka akiomba msaada, mtu mmoja anayejua nini cha kufanya alikuwa anampigia simu kila jioni, naye anamdanganya.

Akapokea. Akaigeuza simu moja kwa moja juu ya sanduku.

"Baharia," alisema. "Nisamehe. Kapteni anakufa. Tumemzidishia shaba, sote watatu. Mimi ndiye niliyemleta mgeni. Zile video ni za zamani. Nisamehe, lakini niambie nifanye nini."

Upande wa pili zikasikika ko-ko-ko za haraka, na binti akasema, "Mama, ngoja, anaandika. Anasema, toa maji nusu. Sasa hivi. Tia mapya, chumvi na joto viwe sawa. Mwaga taratibu. Mama, anasema, ana mkaa wa kuchujia chini ya tangi, mfuko mweusi, usuuze kwanza. Pampu ya pili ileteni."

Hapo saluni ilikumbuka kwamba ina mikono. Kasuku alikimbilia chini ya tangi. Wifi alikamata ndoo, bandeji na yote. Mteja mwenye rola kichwani akashika mpira wa maji, mwingine akakoroga chumvi kwenye beseni la kuoshea nywele, mwenye draya akazima draya ili umeme utoshe pampu. Simu waliiegemeza kwenye rafu ya mataulo, na kutoka pale uso mwembamba wa Baharia uliwaongoza, mkono ukipanda: polepole. Ukishuka: ongeza. Kidole kikizunguka: hewa, hewa.

Bi Mkasi alimshika Kapteni ndani ya maji kwa viganja, akimwelekeza mdomo kwenye mapovu. Mwiba wake ulikuwa wazi kabisa na haukumkata. Pezi likapepea. Alihesabu hadi linapepea tena. Akahesabu tena, akaendelea kuhesabu, na hesabu ikawa ndefu, ikawa haina mwisho.

Alijua kabla ya wengine. Akanyoosha mkono uliolowa, akaifunika simu kwa kiganja.

"Usimwonyeshe," alinong'ona Wifi. "Kwa jina la Mungu, wifi, usimwonyeshe."

Chini ya kiganja, ko-ko-ko. Tena. Bi Mkasi alikuwa anasubiri ile ko-ko-ko ikome. Huo ndio ulikuwa mkataba wake, na Kapteni ameshaondoka ndani ya maji. Lakini iligonga tena, kwa hasira sasa, hasira ya mume aliyefungiwa mlango. Akaondoa mkono.

Baharia alimtazama Kapteni kwa muda mrefu. Kisha akaandika, na binti akasoma huku sauti inakatika: "Anasema, nilijua. Ukuta kwenye video ni wa kijani, nawe uliupaka rangi nyingine mwezi uliopita, ukanionyesha. Anasema, nilikuwa nameza ili wewe usihangaike."

Bi Mkasi aliipangusa simu maji ya kiganja chake.

Mkono wa Baharia ukapanda mbele ya kamera. Vidole viwili, vimesimama. Akavitikisa. Vidole viwili, halafu kidole kimoja kikaelekea sandukuni.

"Wale wadogo," alisema Kasuku. "Anauliza wale wawili!"

Walikuwa bado juu ya maji, midomo nje, lakini walikuwa wanaogelea. Bi Mkasi alimwinua Kapteni, akamlaza kwenye taulo safi, taulo jipya kabisa la wateja. Kisha akaweka ncha ya mpira mdomoni, akavuta maji ili yaanze kutoka, machozi na chumvi ya bahari vikichanganyika kinywani.

"Lia tu," alisema Wifi, akimpokea mpira, akimpangusa uso kwa upindo wa kanga yake. "Lia, wifi, lakini usidondoshee mle, tumekwishapima chumvi."

Walitoa maji, wakatia maji. Kipimo kikapungua buluu, kikapungua tena. Katika simu, binti alikuwa amemsogelea baba yake, anasoma anachoandika polepole kwa kidole kimoja.

"Mama," alisema. "Anasema kesho usipige jioni. Piga asubuhi, kuna mwanga, anataka kuyaona maji vizuri. Na keshokutwa pia asubuhi. Anasema dawa ikirudishwa, aangaliwe kwanza yule mdogo mwenye mkia uliokatika, kama anakula. Na mama..."

"Sema, mwanangu."

"Ameomba lile bakuli la supu. Anasema mtoke hapo kwenye kamera kwanza, mnamtia kichefuchefu na hayo mataulo."

Bi Mkasi aliigeuzia simu ukutani, akarudi kupiga magoti mbele ya sanduku. Kasuku alimpa ndoo. Akaanza kumimina, taratibu, kama alivyoonyeshwa.